Trela la Tone kwa Njia Mbovu: Maswali ya Wasomaji

Barua za safari hii karibu zote zinahusu trela dogo la kulala lenye umbo la tone: mbele limejaa, mgongo unateremka kuelekea nyuma, ndani mna godoro, na chini ya mfuniko wa nyuma mna jiko. Umbo hilo lilipata umaarufu Marekani katika miaka ya 1930. Tangu hapo limekuwa kazi ya watu wa karakana za nyumbani, kwa kuwa ubavu wake unatoka kwenye karatasi moja ya plaiwudi yenye urefu wa mita 2.44. Wanaotuandikia sasa hawana haja na lami. Wanataka trela lipite kwenye mawe, makorongo na barabara za makunyanzi (zenye matuta madogo yanayofuatana), na huko michoro ya zamani haisaidii sana.

Ndugu mafundi, nina gari la 4x4, mashine ya kuchomelea na nafasi ya kufanyia kazi. Nianze na chasisi au boksi? Na upana uwe kiasi gani? (Ndiyo Kwanza Naanza)

Anza na gari lako. Pima kutoka katikati ya tairi la kushoto hadi katikati ya tairi la kulia. Matairi ya trela yakanyage palepale, maana kwenye mchanga au tope tairi linalopita nje ya alama za gari hulazimika kujichimbia njia yake, na mzigo wote huo unarudi kwa injini. Tuseme umepata mita 1.55 na tairi lina upana wa sentimita 23.5. Kati ya kuta za ndani za matairi inabaki mita 1.315. Acha sentimita 5 kila upande tairi lipate nafasi ya kucheza, boksi lako ni mita 1.21. Watu wawili waliozoeana watalala vizuri.

Anayetaka mita 1.4 ana njia mbili. Ya kwanza ni kuinua sakafu ipite juu ya matairi, na hapo uzito umepanda na trela litataka kulala kila likipita kwenye mteremko wa ubavu. Ya pili ni kukata mapango ya matairi ndani ya boksi, na kila pango linakuongezea kona za kuziba maji. Sisi tungebaki na 1.2.

Kabla hujakata chuma, chukua daftari uandike uzito wa kila kitu. Karatasi nzima ya plaiwudi nzuri ya milimita 18 ina kama kilo 36; ya milimita 12 ina kilo 24. Bomba la mraba la 50 × 50 lenye unene wa milimita 3 lina kama kilo 4.3 kwa mita. Chasisi ya mihimili miwili ya mita 2.4 na mitambuko (vyuma vya kukatiza) mitano ya mita 1 inakula mita 9.8, yaani kilo 42 kabla hujaweka mkono wa kuvutia. Lita moja ya maji ni kilo moja, haina punguzo. Lenga kilo 700 trela likiwa limepakiwa kila kitu. Kwenye kilo 750 nchi nyingi huanza kudai trela liwe na breki zake lenyewe. Soma sheria za kwenu. Kwa mtu atakayeshuka miteremko ya changarawe, breki ni za kuweka hata chini ya hapo.

Rafiki yangu anasema ekseli ikae katikati ya boksi ili trela lisawazike. Mwingine anasema nyuma kabisa. Nimsikilize nani? (Katikati ya Wawili)

Usimsikilize yeyote, piga hesabu. Kinachotakiwa ni mkono wa kuvutia ulalie tufe la gari (kile kichwa cha mviringo cha nyuma kinachoungwa na trela) kwa uzito ulio kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa trela. Ukiwa mwepesi kuliko hapo, mkia unaongoza: ukifika mwendo wa barabara kuu trela linaanza kuyumba kushoto na kulia, na ukikanyaga breki linazidi. Ukiwa mzito mno, nyuma ya gari inakaa chini, mbele inanyanyuka na usukani unakuwa mwepesi pale unapouhitaji.

Chukua mfano huu. Boksi lina mita 2.44, mkono umetokeza mita 1.2 mbele yake, na ekseli iko mita 1.46 kutoka ukuta wa mbele wa boksi, yaani asilimia 60 ya urefu. Kutoka tufe hadi ekseli ni mita 2.66. Trela tupu pamoja na godoro lina kilo 600, na kitovu cha uzito wake kiko mita 0.24 mbele ya ekseli. Zidisha 600 kwa 0.24, gawanya kwa 2.66: tufe linabeba kilo 54. Sasa funga sanduku la betri na zana lenye kilo 40 juu ya mkono, mita 1.76 mbele ya ekseli. Linaongeza karibu kilo 27. Kisha pakia jiko: kilo 50 za vyombo, friji na vyakula, mita 0.8 nyuma ya ekseli. Hizo zinapunguza kilo 15. Umebaki na kilo 66 kwenye trela la kilo 690, asilimia 9.6. Bado kidogo. Kuirudisha ekseli nyuma sentimita 5 kunaongeza kama kilo 10, na hapo umefika asilimia 11.

Ndiyo maana vishikio vya springi visichomelewe moja kwa moja siku ya kwanza. Vishike kwa nukta mbili tatu tu, jenga boksi, pakia kila kitu hadi sufuria, pima, sogeza, ndipo uchomelee. Vishikio vinavyofungwa kwa bolti kwenye safu ya matundu ni bora zaidi.

Kupima kunawezekana kwa mizani ya bafuni, hata kama mwisho wake ni kilo 120. Weka tofali upande mmoja na mizani upande wa pili, sehemu zitakazobeba ubao zikiwa sentimita 90 kutoka moja hadi nyingine. Lalisha juu yake ubao mgumu uliosimamishwa kwa kipande cha bomba kila ncha, soma uzito wa ubao wenyewe, halafu shusha mkono wa trela juu ya ubao sentimita 30 kutoka upande wa tofali. Toa uzito wa ubao, zidisha kwa 3. Trela liwe limelala sawa kama litakavyokuwa nyuma ya gari, gurudumu la kuegeshea likiwa hewani, na matairi yamewekewa vigingi. Likiwa limeinama mbele, mizani itakudanganya.

Mkono wa kuvutia wa trela langu umepasuka pale unapokutana na mtambuko wa kwanza wa chasisi. Umechomelewa mara mbili na kupasuka mara mbili. Niliuziwa chuma kibovu? (Nimechoka na Ufa)

Chuma chako ni kizima. Tatizo ni mahali welda, yaani mshono wa kuchomelea, ilipopita. Kila trela linapopiga shimo, mkono unapinda juu na chini, na mahali unapopinda zaidi ni hapohapo unapoingia kwenye chasisi. Bomba likipinda, uso wake wa juu na wa chini ndio unaovutwa na kubanwa. Mbavu za pembeni zinafanya kazi ndogo. Sasa ukipitisha mstari wa welda kukatiza uso wa juu, chuma kilichopata joto pembeni ya mstari huo kinakuwa kimebadilika, na umekiweka penye mvuto mkubwa kuliko pote. Ukitazama ufa wako kwa tochi utaona haukupita katikati ya welda. Umeanzia milimita moja au mbili pembeni yake, kwenye kona ya bomba, kisha ukashuka ubavuni.

Kuongeza welda juu ya welda ni kuongeza joto palepale. Toboa tundu la milimita 5 kila mwisho wa ufa usiendelee, chimba ufa kwa grinda hadi uwe na umbo la V, jaza, sawazisha. Halafu kata vipande viwili vya bati la milimita 5, urefu wa sentimita 30, ncha zake zikiwa zimechongwa kama mkuki, uvipachike kwenye mbavu za kushoto na kulia. Chomelea kingo ndefu tu, kwa kufuata urefu wa bomba. Uso wa juu na wa chini usiguswe.

Kwa anayejenga upya, kuna dawa kubwa zaidi: mikono miwili yenye umbo la A isiishie kwenye mtambuko wa kwanza. Ipite chini yake iendelee hadi vishikio vya mbele vya springi, ikiwa imeshikwa penye kila mtambuko kwa welda za pembeni. Bomba la 75 × 50 lenye unene wa milimita 3, likisimama kwa upande wake mrefu, linatosha kwa trela la kilo 700. Chini ya kila kishikio cha springi weka kwanza bati la milimita 6 lililo refu kuliko kishikio chenyewe, kwa sababu bomba lenye ukuta wa milimita 3 linabonyea na kuchanika likisukumwa na kishikio kitupu.

Na kama chasisi itapelekwa kuzamishwa katika zinki, kila bomba liwe na matundu ya angalau milimita 12 karibu na ncha zote mbili. Zinki hiyo ina joto la kama nyuzi 450. Bomba lililozibwa likiwa na unyevu ndani hulipuka kama bomu, na kiwanda kinachojali wafanyakazi wake kitalikataa. Toboa matundu yote ya bolti kabla. Kuchomelea juu ya zinki baadaye kunatoa moshi unaoleta homa.

Nimewekewa springi za tani moja na nusu ili ziwe imara, lakini trela linaruka kama mbuzi na rafu za jiko zimeng'oka. (Msafiri)

Springi zako ni ngumu mno kwa mzigo huu. Trela lako likiwa na kilo 700, toa kilo 75 zinazobebwa na gari na kama kilo 100 za ekseli na magurudumu, kila springi inabeba kilo 260 hivi. Springi ya bapa (vyuma bapa vilivyopangwa juu ya vingine) iliyotengenezwa kwa mara tatu ya uzito huo haikunjiki, kwa hiyo kila jiwe linapita moja kwa moja hadi kwenye skrubu za rafu.

Nyanyua chasisi kwa jeki hadi matairi yaache ardhi, pima kutoka ekseli hadi mhimili, kisha shusha trela likiwa limepakiwa upime tena. Tofauti ya sentimita 5 ni nzuri: boksi litacheza kama mara mbili kwa sekunde. Ukipata sentimita 1 litacheza kama mara tano, na hakuna useremala unaovumilia hilo kwa siku nzima. Toa bapa moja kila upande, pima tena. Bapa zikisuguana hula sehemu ya mtikisiko, lakini kwenye makunyanzi hazitoshi, hivyo ongeza shokapu mbili. Ekseli zenye mpira ndani badala ya springi ni tulivu na hazitaki grisi. Kasoro yake ni kwamba zikifa porini hakuna cha kutengeneza.

Upepo nao. Tairi la trela linabeba mzigo mdogo kuliko la gari, kwa hiyo usilijaze sawa nalo. Psi 28 kwenye lami, 20 hadi 22 kwenye changarawe, 15 kwenye mchanga kwa mwendo wa polepole. Rimu ziwe za aina ile ile na za gari, matundu ya nati yale yale, ili tairi moja la akiba litumike pote.

Plaiwudi ya sakafu imevimba kwenye kingo, ingawa niliipaka rangi mara tatu. (Seremala)

Rangi uliipaka usoni, maji yakaingilia ukingoni. Ukingo wa plaiwudi ni miti iliyokatwa vichwa. Unanyonya kama utambi. Kila ukingo upakwe epoksi nyepesi, ungoje inywe, urudie hadi ung'ae, na mara nyingi ni tabaka tatu. Uso wa chini wa sakafu pia, kabla haujalala juu ya chuma.

Wengi wanasahau matundu ya skrubu na bolti. Palipo na bolti ya milimita 8, toboa tundu la milimita 12, lijaze epoksi iliyokorogwa na unga wa mbao, ikikauka toboa tena milimita 8 katikati. Sasa bolti inapita ndani ya mrija wa plastiki na mbao haioni maji. Kazi ya matundu 20 inamaliza jioni moja.

Silikoni usiitumie kwenye maungio ya nje. Inashika vizuri siku ya kwanza, lakini ikiachia, hakuna gundi wala rangi itakayokubali kushika mahali ilipokuwa. Tumia gundi ya kuziba ya poliyurethani, na chini ya fremu za madirisha utepe wa butili. Bati la aluminiamu la mita 2.4 hurefuka kama milimita 2 likitoka kwenye baridi ya nyuzi 10 kwenda kwenye jua linalolipasha hadi 50, kwa hiyo ukilikaza kwa skrubu kila sentimita 5 litajikunja mawimbi au litapanua matundu. Libane kingoni kwa mikanda ya pembe, uliache licheze chini yake. Pale aluminiamu inapogusa chuma weka utepe wa plastiki, la sivyo chumvi na maji vitaila aluminiamu kwanza.

Vumbi linajaa jikoni hata mfuniko ukifungwa kwa kufuli. (Mpishi wa Njiani)

Trela likienda, hewa ya nyuma yake inavutwa na vumbi linageuka kurudi mkiani. Kufuli halina msaada. Mpira ndio kazi. Kata ukanda wa karatasi, ufungie mfuniko juu yake, uvute. Zunguka ukingo wote hivyo. Karatasi inapotoka bila kukwama, mpira haugusi, na mara nyingi ni kwenye zile kona mbili za chini. Weka mipira miwili, mmoja kwenye boksi na mwingine kwenye mfuniko. Halafu toboa tundu la hewa mbele ya boksi, juu, lenye kichujio cha sponji, ili hewa iingie mbele na kusukuma kutoka ndani. Vumbi litapungua kuliko ulivyodhani.

Betri ya lithiamu ya Ah (ampea kwa saa) 100 inachajiwa na gari nikiendesha kutwa, lakini friji linazima usiku wa pili. Waya ni wa 2.5 mm². (Giza Nene)

Waya huo ndio mwizi. Kutoka betri ya gari hadi betri ya trela ni kama mita 7, kwenda na kurudi 14. Kwa ampea 20, waya wa 2.5 unapoteza karibu volti 2. Altaneta inatoa 14.2, kwenye trela zinafika 12.2, na betri ya lithiamu iliyopumzika iko 13 na kidogo. Maji hayapandi mlima: zinaingia ampea chache tu, na friji la lita 40 linakula Ah 30 hadi 45 kwa siku, zaidi kukiwa na joto.

Weka waya wa 16 mm². Hasara inashuka hadi volti 0.3. Pitisha waya wa hasi wake wenyewe pia, usitegemee tufe kupitisha umeme. Mwisho wa waya, ndani ya trela, funga chaja ya DC kwa DC, ile inayopandisha volti za gari zifae betri ya trela, ya ampea 20. Fyuzi ya ampea 40 iwe karibu na kila betri, kwa kuwa waya huu una umeme wa betri pande zote mbili. Plagi iwe ya ampea 50 peke yake. Pini za plagi ya taa hazikutengenezwa kwa hili.

Asubuhi kuta za ndani zinatiririka maji. Paa linavuja? (Godoro Bichi)

Halivuji, ni pumzi zenu. Watu wawili kwenye chumba chenye mita za ujazo 2 na kidogo hutoa maji ya kutosha kulowesha godoro usiku mmoja. Hewa iingie chini na kutoka juu: matundu mawili ya sentimita za mraba 100 karibu na sakafu, yanayofunikwa kwa wavu, na feni ya paa mwendo wa chini kabisa usiku kucha. Chini ya godoro weka chanja za mbao. Jiko la gesi wala la mkaa lisiwashwe ndani kwa sababu yoyote, hata kupasha mikono, na kengele ya kaboni monoksidi ikae usawa wa mto. Kabati la mtungi liwe na tundu sakafuni, maana gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hukusanyika chini.

Tufe la kawaida linatosha porini? (Swali Fupi)

Kwa njia ya changarawe, ndiyo. Kwenye makorongo, gari likilala upande mmoja na trela upande mwingine, kikombe cha mkono kinachofunika tufe hufika mwisho wa mzunguko wake na kuanza kujing'oa. Huko tumia kiungo kinachozunguka chote. Na ukibaki na tufe, soma namba: kuna la milimita 50 na la inchi 2, ambayo ni 50.8. Kikombe cha inchi 2 juu ya tufe la 50 kinaonekana kimekaa, lakini kimelegea. Minyororo ya usalama iwe miwili, ikipishana chini ya mkono.

Beringi zangu zimeungua mara mbili. Grisi ipi bora? (Habu Moto)

Kabla ya grisi, tazama ulivyozikaza. Zungusha gurudumu kwa mkono huku ukikaza nati hadi liwe zito, kisha ilegeze robo mzunguko, ikaze tena kwa vidole tu, halafu ingiza pini kwenye tundu linalofuata upande wa kulegeza. Beringi iliyobanwa inaungua hata kwenye grisi ya ndege. Ukishaenda kilomita 30, simama uguse habu (kitovu cha gurudumu): joto la kikombe cha chai kilichopoa ni sawa, ukishindwa kuacha kiganja, imebanwa au imekauka. Ukivuka mto habu zikiwa za moto, zinanyonya maji kupitia sili, kwa hiyo ngoja zipoe kabla ya kuingia majini, na ukifika kambini fungua kofia uitazame grisi. Ikiwa imegeuka rangi ya maziwa, isafishe yote usiku huohuo. Beba habu nzima ya akiba iliyokwisha kupakwa grisi, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na pini zake.